Kura, Korosho na Maji: Mielekeo ya Kisiasa na Kujitokeza kwa Wapiga Kura Masasi na Newala, 1958–2020

Utangulizi

Wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, huelezwa mara nyingi kuwa ngome ya chama tawala. Maelezo hayo yana msingi wake. Tangu TANU hadi CCM, viti vingi vya ubunge katika eneo hili vimebaki mikononi mwa chama kimoja, na Masasi ndiko alikozaliwa Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu. Hata hivyo, neno ngome linaficha mambo mawili yanayostahili kutenganishwa. La kwanza ni mwelekeo wa kisiasa, yaani chama au mgombea anayepewa kura na wale waliofika kituoni. La pili ni kujitokeza kwenyewe, yaani ni wangapi kati ya walioandikishwa waliofika. Chama kinaweza kushinda kwa kishindo katika uchaguzi ambao nusu ya walioandikishwa hawakupiga kura, na ushindi huo ukasomwa kana kwamba wote wamesema ndiyo.

Insha hii inajenga hoja kwamba kwa wakulima wa uwanda wa juu wa Makonde na vitongoji vyake, kura imekuwa njia moja tu kati ya njia kadhaa za kudai bei ya haki ya korosho na maji ya uhakika. Pale kura ilipobeba madai hayo, ilitumika. Pale ilipokosa kuyabeba, wakulima walitumia njia nyingine: kuacha mikorosho ipotelee porini, kukataa kuuza mnadani, na katika siku moja ya Januari 2013, moto. Takwimu za kitaifa za kujitokeza zinatumika hapa kuonyesha majira ya kisiasa, na historia ya wilaya hizi mbili inatumika kueleza maana yake.

Ardhi, maji na mamlaka

Masasi imekaa chini, magharibi mwa uwanda, katikati ya vilima vya mawe vinavyosimama peke yake. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, ikitazama bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji. Udongo wa juu ya uwanda hunyonya mvua upesi, hivyo mito hutokea chini mabondeni na vijiji viko juu. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mteremko kuteka maji na kuupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Karl Weule, mtaalamu wa mila aliyetumwa kutoka Ujerumani mwaka 1906, alikaa Masasi na Newala na kuishuhudia hali hiyo.

Jiografia hiyo ilienda sambamba na aina ya mamlaka. Wamakonde hawakuwa na mtawala mmoja mkuu. Uongozi ulikuwa wa wakulungwa, wazee wa maeneo madogo ambao nguvu zao zilitegemea ridhaa ya ndugu na wafuasi, na asiyeridhika aliweza kuhama na kufungua shamba kwingine. J. Gus Liebenow, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu utawala wa kikoloni na maendeleo ya kisiasa miongoni mwa Wamakonde, alionyesha jinsi serikali za kikoloni zilivyohangaika kutafuta kiongozi wa kumpa amri mahali ambapo amri haikuzoeleka kutoka juu. Wajerumani walileta maakida. Waingereza walijaribu kuwatumia wakulungwa kama wakuu wa jadi, kisha wakategemea maliwali. Miongoni mwa Wayao walikuwapo wakuu wenye sauti kubwa zaidi, kama Matola wa Newala na Machemba, ambaye mwaka 1890 alimjibu Hermann von Wissmann kwa barua ya Kiswahili akikataa kwenda kumtii pwani.

Urithi wa tatu ni wa misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliwapeleka Masasi watu walioachiwa huru kutoka utumwani Zanzibar, nao wakaanzisha kijiji cha Kikristo. Wabenediktini walijenga Ndanda mwaka 1906. Shule za misheni, Chidya ikiwa mojawapo, ziliifanya Masasi kuwa na walimu na makarani wengi kuliko wilaya nyingi za Jimbo la Kusini. Uislamu nao ulikuwa umeenea kwa njia ya biashara na walimu wa dini. Kwa hiyo uchaguzi wa kwanza ulilikuta eneo lenye wasomi wachache wenye sauti, wakulima waliotawanyika, na mazoea ya kumpima kiongozi kwa anachokileta.

Kutoka kura ya wachache hadi kura ya wote, 1958–1962

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti: umri wa miaka 21 au zaidi, pamoja na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika wadhifa uliotambuliwa. Aidha, kila mpiga kura alitakiwa kuwachagua wagombea watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, TANU ilikubali kushiriki licha ya chuki yake dhidi ya utaratibu huo. Nchi nzima iliandikisha wapiga kura karibu 60,000 tu.

Kwa Masasi na Newala, masharti hayo yalichora mstari wazi. Mwalimu wa misheni aliyesoma hadi darasa la nane alikuwa mpiga kura. Mkulima mwenye mikorosho, mihogo na karanga, hata akiwa mwanachama hodari wa TANU, hakuwa mpiga kura iwapo kipato chake hakikufikia kiwango. Idadi ya waliopiga kura wakati huo haikupima hamasa ya wananchi. Ilipima mlango waliofunguliwa.

Mlango ulipanuliwa mwaka 1960, ambapo takriban watu 885,000 waliandikishwa nchini. Lakini kati ya majimbo 71, wagombea wa TANU walipita bila kupingwa katika majimbo 58, na mwishowe chama hicho kikapata viti 70. Watu wengi walioandikishwa hawakuwa na kura ya kupiga. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, Julius Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98 dhidi ya Zuberi Mtemvu wa ANC. Hivyo tangu mwanzo wa uhuru mambo mawili yalisafiri pamoja: uungwaji mkono wa kweli na mpana, na uhaba wa ushindani.

Jembe na nyumba, 1965–1990

TANU yenyewe iliitambua kasoro hiyo. Uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja, uliweka wagombea wawili wa chama kilekile karibu katika kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Sera za chama hazikujadiliwa. Kilichojadiliwa kilikuwa ni nani ataleta barabara, zahanati na maji. Wabunge wengi waliokuwa madarakani, wakiwamo mawaziri, waliangushwa. Wapiga kura walijifunza kwamba wanaweza kumwondoa mtu bila kukiondoa chama, na somo hilo lilidumu kusini kwa muda mrefu.

Mazingira ya mpakani yaliimarisha uaminifu kwa chama. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1974 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipiganwa ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi walivuka kuja upande wa Tanzania, na FRELIMO ilikuwa na kambi Nachingwea. Katika hali hiyo siasa ya umoja haikuwa nadharia. Mkoa wa Mtwara ulikuwa pia miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuhamishia watu katika vijiji.

Lakini kuhamia vijijini kulimtenga mkulima na mikorosho yake. Mavuno ya korosho nchini yalifikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakashuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa: umbali wa mashamba, bei ndogo iliyolipwa na mamlaka za serikali, na ugonjwa wa ubwiriunga uliokausha maua. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikakosa malighafi. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakati mikorosho ikiachwa kichakani, masanduku ya kura yaliendelea kujaa kura za ndiyo kwa mgombea pekee wa urais. Karatasi ya kura haikuwa na mahali pa kuandika bei ya korosho. Mkulima aliiandika shambani, kwa kutopalilia.

Mwana wa Masasi Ikulu, 1995–2005

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni mwaka 1991, ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Pamoja na hayo ilipendekeza vyama vingi, navyo viliruhusiwa mwaka 1992. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa zama hizo, Oktoba 1995, ulimleta Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, aliyekuwa mbunge wa Nanyumbu tangu mwaka 1985. Alishinda kwa asilimia 61.8, akifuatiwa na Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Waliojitokeza nchini walikuwa asilimia 76.7 ya walioandikishwa, na mwaka 2000 walifikia asilimia 84.

Kwa watu wa kusini, waliojiona wamesahauliwa tangu mpango wa karanga wa Nachingwea uliposambaratika na reli ya Mtwara kung'olewa, kura ya 1995 ilikuwa na uzito ambao si wa sera peke yake. Mwana wa nyumbani alikuwa anakwenda Ikulu. Hata hivyo, undugu pekee hautoshi kueleza uaminifu wa muongo huo. Biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga yakaenea kutokana na kazi ya watafiti wa Naliendele, na msimu wa 1999/2000 mavuno yalivuka tani 120,000. Daraja la Rufiji, linaloitwa kwa jina la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003 na kupunguza upweke wa kusini wakati wa masika. Wapiga kura walikuwa na vitu vya kuonyesha kwa vidole.

Msimu na daftari

Kabla ya kutafsiri kushuka kwa idadi ya wapiga kura baada ya hapo, ni lazima kuondoa tafsiri mbili za haraka. Ya kwanza inahusu msimu. Marekani, sheria ya mwaka 1845 iliweka siku ya uchaguzi wa rais mwezi Novemba, na maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba mavuno yalikuwa yamekwisha na mkulima aliweza kusafiri hadi mjini. Uchaguzi mkuu wa Tanzania hufanyika Oktoba, na Oktoba mkoani Mtwara ndio mwezi ambao korosho zinaanguka, zinaokotwa, zinaanikwa, na minada inafunguliwa. Mwenye shamba la mbali analala huko kulinda mavuno yake. Kwake safari ya kituoni ina gharama ambayo mkulima wa Marekani wa karne ya 19 aliepushwa nayo kwa makusudi.

Hata hivyo msimu peke yake haujibu swali, kwa kuwa chaguzi za 1995 na 2000, zenye mahudhurio makubwa, zilifanyika Oktoba pia. Tafsiri ya pili inahusu daftari. Hadi mwaka 2000 watu waliandikishwa upya kwa kila uchaguzi, hivyo aliyejiandikisha alikuwa hai, yuko kijijini na ana nia. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lililoanza mwaka 2004 lilibeba pia majina ya waliofariki na waliohama. Asilimia ya kujitokeza ilishuka kwa sehemu fulani kwa sababu kigawanyo kilikuwa kimebadilika. Ukiziweka pembeni sababu hizi mbili, bado linabaki pengo kubwa: mwaka 2010 waliopiga kura walikuwa takriban milioni 8.6 kati ya milioni 20.1 walioandikishwa, yaani chini ya asilimia 43. Pengo hilo ni la kisiasa.

Kimya cha 2010, moto wa 2013, kura ya 2015

Mwaka 2010 majimbo ya Masasi na Newala yalibaki CCM. Kwa kutazama ramani ya viti, hakuna kilichobadilika. Chini ya ramani hiyo, mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanzishwa Mtwara msimu wa 2007/08 ulikuwa umebadilisha uhusiano wa mkulima na serikali. Mkulima alipeleka korosho katika chama cha msingi, akapokea malipo ya kwanza, kisha akasubiri ya pili baada ya mauzo. Mwanzoni bei ilipanda. Lakini soko lilipoanguka msimu wa 2011/12, malipo ya pili yalichelewa au kupungua, na makato ya ushirika, usafiri na ghala yakaonekana wazi. Zamani mkulima alimlaumu mnunuzi. Sasa aliyemdai alikuwa katibu wa chama cha msingi, chama kikuu cha ushirika, na nyuma yao serikali.

Manung'uniko hayo yalikutana na suala la gesi. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu waliandamana Mtwara mjini kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Januari 2013, ugomvi kati ya vijana wa bodaboda na polisi mjini Masasi ulilipuka kuwa ghasia. Majengo ya serikali, ofisi za CCM na nyumba za viongozi zilichomwa, na watu walipoteza maisha. Mei 2013 ghasia zilirudi Mtwara mjini, na jeshi likaingia mitaani. Mwezi Aprili wakulima wa Liwale, mkoa jirani wa Lindi, walikuwa wamefanya ghasia kuhusu malipo ya korosho.

Ni rahisi kuyaita matukio ya Masasi uhuni wa siku moja. Mpangilio wa miaka unatoa somo jingine. Ilikuwa chini ya miezi 30 tangu uchaguzi ambao nchi nzima wengi wa walioandikishwa hawakupiga kura, na ambao matokeo yake wilayani yalisomwa kama kuridhika. Vijana walioandamana walizishambulia alama zilezile ambazo hesabu ya viti ilidai zinapendwa.

Uchaguzi wa 2015 ulithibitisha kwamba kimya hakikuwa kutojali. Kwa kuwapo ushindani wa kweli, waliojitokeza nchini walipanda hadi takriban asilimia 67. Jimbo jipya la Ndanda, lililokatwa ndani ya wilaya ya Masasi, lilichukuliwa na Cecil Mwambe wa CHADEMA. Tandahimba, iliyowahi kuwa sehemu ya Newala, ilikwenda kwa Katani Ahmad Katani wa CUF, na Mtwara Mjini ikaenda kwa CUF pia. Majimbo mawili ya Newala, Mjini na Vijijini, yalibaki CCM. Jimbo la Masasi lina kisa chake. Mgombea wa UKAWA, Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD, alifariki tarehe 15 Oktoba, siku kumi kabla ya kura. Uchaguzi wa ubunge uliahirishwa hadi Desemba, na CCM ikashinda. Mji uliochoma ofisi za chama mwaka 2013 ulimchagua mbunge wa chama hichohicho. Hili linaonekana kama kinzano iwapo mwelekeo wa kisiasa unachukuliwa kuwa ni imani. Ukichukuliwa kuwa ni mapatano, si kinzano: bomba lilikuwa tayari limezinduliwa, na anayegawa pembejeo, barabara na maji alikuwa hajabadilika.

Bei, wabunge na uchaguzi wa 2020

Msimu wa 2017/18 mavuno ya nchi yalivuka tani 300,000 na bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Juni 2018 wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walisimama pamoja bungeni kupinga kuondolewa kwa mgawo wa asilimia 65 wa ushuru wa korosho zinazouzwa nje, uliokuwa ukirudi kuendeleza zao. Walishindwa. Oktoba mwaka huo wakulima walizikataa bei za minada ya kwanza. Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa viwanda, akaagiza jeshi lisombe korosho, na serikali ikanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki wa mashamba ulifuata, ukilenga kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba, na malipo ya wakulima wengi yalivuka mwaka.

Tukio la Oktoba 2018 lina uzito katika hoja hii. Mkulima aliyekataa kuuza alisikilizwa na Ikulu ndani ya wiki chache, jambo ambalo kura yake haikuwahi kufanya kwa kasi hiyo. Kwa mtu anayepima njia kwa matunda yake, ulinganisho huo haukupita bure.

Kufikia mwaka 2020 Mwambe na Katani walikuwa wamehamia CCM, na wote wawili walirudi bungeni kwa tiketi hiyo katika majimbo yaleyale. Kitaifa waliojitokeza walishuka hadi takriban asilimia 51, huku mgombea wa CCM akipata asilimia 84. Wagombea kadhaa walipita bila kupingwa, akiwamo Waziri Mkuu katika jimbo jirani la Ruangwa, na hali ya mwaka 1960 ikarejea kwa sura nyingine. Lakini mwaka huohuo, upinzani ulipobaki na viti vichache mno vya majimbo Tanzania Bara, Mtwara Vijijini ilimchagua Shamsia Azizi Mtamba wa CUF dhidi ya aliyewahi kuwa waziri. Mkoa unaoitwa ngome ulitoa moja ya matokeo adimu ya upinzani nchini.

Hitimisho

Historia ya Masasi na Newala inaonyesha kwamba bendera ya chama si kielelezo cha kutosha cha mwelekeo wa wapiga kura wake. Mbunge akihama chama, wapiga kura wanaweza kuhama naye, kwa sababu walichompa si imani ya kudumu bali kazi ya kufanya. Kazi hiyo haijabadilika sana tangu enzi ya jembe na nyumba: bei ya zao, barabara, na maji. Mradi wa maji wa Makonde, uliosukuma maji kutoka mabondeni tangu miaka ya 1950, umeendelea kuwa ahadi ya kampeni kwa sababu mwanamke wa Newala ameendelea kuubeba upungufu wake kichwani.

Hali kadhalika, kutojitokeza hakupaswi kuhesabiwa kama ridhaa. Sehemu yake ni msimu, sehemu ni daftari, na sehemu ni hukumu ya wananchi kwamba sanduku la siku hiyo halina cha kuamua. Asiyefika kituoni Oktoba bado yumo katika siasa: yuko chini ya mkorosho wake, anahesabu magunia na kungojea tangazo la mnada. Mwaka 2010 kimya chake kilisomwa kama kuridhika, na Masasi ililipa gharama ya usomaji huo Januari 2013. Uchaguzi unaompa mgombea wa kumpima na hoja ya kuamua ndio unaoweza kumtoa shambani, na ndio unaoweza kuieleza serikali hali ya kusini kabla haijaelezwa kwa moshi.